Dhamira katika uchambuzi wa hadithi fupi

Neno "dhamira", ambalo katika mazungumzo ya kawaida lina maana ya nia au kusudio, hutumika kwa namna mbili katika uhakiki, yaani kazi ya kuichambua na kuitathmini sanaa ya lugha. Katika shule za Tanzania, dhamira ni wazo linalojitokeza ndani ya kazi, nalo huhesabiwa kuwa sehemu ya maudhui pamoja na ujumbe, migogoro na falsafa. Ilhali nchini Kenya mawazo hayo ndiyo huitwa maudhui, na dhamira hubaki kuwa lengo la mwandishi. Katika hadithi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", jitu linalokula chakula chote mkahawani mwa Mzee Mago hudhihirisha maudhui ya unyakuzi wa ardhi ya wanyonge, na dhamira, kwa maana hiyo ya pili, ni kuwazindua watetee haki yao. Mwanafunzi hana budi kubaini kwanza swali linatumia maana ipi, kisha athibitishe kila dai kwa tukio au kauli iliyomo hadithini, kwa kuwa dai lisilo na ushahidi si uhakiki.