Kimeng'enya kisichomeng'enya

Mzizi wa neno “kimeng'enya” ni meng'enya, yaani kuvunjavunja chakula. Ki- ni ile ya kifaa, kama katika kinasa sauti. Tafuna ugali taratibu mpaka uanze kuwa mtamu: kimeng'enya cha mate kiko kazini.

Ila jina lina kasoro, kwani vimeng'enya vingine hujenga. Kimojawapo huunda prostaglandini, kemikali zinazochangia maumivu na homa. Mwaka 1971, mwanasayansi John Vane alionyesha kuwa aspirini huzuia uundaji huo. Baadaye ikajulikana namna: aspirini hukibandika kimeng'enya kipande cha asetili kisichobanduka, njia ikazibika. Kasi ya juu ya mmenyuko hushuka, hata malighafi ikiongezwa. Ni kama mafundi cherehani kumi, watano wakafungwa mikono: kuleta vitambaa zaidi hakuongezi magauni. Chembe sahani za damu zilizofikiwa na aspirini, kwa kuwa hazina kiini, haziwezi kuajiri fundi mpya. Hubaki hivyo maisha yao yote, siku 7 hadi 10.

Je, tubadili jina? La hasha. Kisu ni cha kukata, na bado tunakipakia siagi.