Topekinyesi: kilichobaki shimoni ndicho kinachopimwa

Katika ofisi za Bukavu na Uvira, anayepanga huduma ya vyoo huandika kwa Kifaransa boues de vidange, yaani tope linalopatikana vyoo vinapomwagwa. Jina hilo limezaliwa katika miji yenye magari ya kunyonya, na huko linafaa. Ukilipeleka Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi, kando ya barabara ya Taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Kamanyola na Bukavu, linatoa jibu la ajabu: tope ni sifuri. Katika miji midogo ya namna hiyo choo cha shimo kikijaa hufukiwa, kingine huchimbwa pembeni, na pengine juu ya kile cha zamani hupandwa mgomba. Hakuna aliyemwaga, kwa hiyo hakuna kilichohesabiwa. Mamlaka za maji za Tanzania zimezoea neno jingine, topekinyesi, na naona linafaa zaidi hata Kongo. Sababu yangu si uzalendo wa lugha. Neno hilo linataja kitu chenyewe kilichomo shimoni, kimwagwe kisimwagwe, na mpango wa huduma hauwezi kuanzia pengine isipokuwa kwenye kitu hicho.

Topekinyesi si kinyesi. Mtu mmoja hutoa kinyesi cha takriban gramu 128 kwa siku na mkojo wa lita 1.4 hivi, kwa mwaka ni takriban lita 560, na hapo maji ya kutawadhia hayajahesabiwa. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1992 kuhusu vyoo visivyo na mabomba ya mji unamshauri fundi akadirie lita 40 tu kwa mtu kwa mwaka pale shimo lina maji na kinachotumika kujisafishia kinaoza, na lita 90 pale shimo ni kavu na watu hujipangusa kwa vitu visivyooza, kama mawe. Kilichosalia kimezama ardhini au kimeliwa na vijidudu. Kwa hiyo anayezidisha idadi ya wakazi kwa kile wanachotoa atapata hesabu iliyovimba mara 6 hata mara 14, kisha ataomba fedha za mtambo ambao hautajaa kamwe. Na sehemu kubwa ya ile tofauti haikuyeyuka hewani. Imeshuka kwenye udongo, katika bonde ambalo watu huchota maji visimani na mitoni, na katika nchi ya kandokando ya Ziwa Tanganyika ambako kipindupindu, au kolera kama wengi wanavyosema Kivu, kimekuwa kikirudi tangu miaka ya 1970. Lita 40 shimoni ni habari ya tope. Zile nyingine mia tano na ushei ni habari ya kisima, nazo zinataka uchunguzi wake.

Kipimo kinachounganisha watu na tope nitakiita kasi ya kujaa, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema: choo kimejaa, choo kinajaa upesi. Kukipata ni kazi ya fimbo. Mti mrefu wenye alama za sentimita hushushwa kwenye tundu hadi uguse uso wa tope, kisha husukumwa hadi ugote chini. Tofauti ya alama hizo mbili ni kina, na kina ukikizidisha kwa eneo la shimo unapata ujazo. Ugumu unaanzia hapo. Juu huwa kuna utando mkavu, chini tope limekazana kama udongo wa mfinyanzi, na katikati kuna chupa, matambara na nepi. Fimbo hugota kwenye chupa na mpimaji akadhani amefika sakafuni. Kuta za shimo lisilojengewa humomonyoka, kwa hiyo upana wa juu haukuambii upana wa chini. Ndiyo maana taasisi ya Uswisi ya Eawag ilibuni kifaa cha leza, Volaser, cha kusomea umbo la ndani. Kisha ujazo hugawanywa kwa miaka na kwa watumiaji, na idadi ya watumiaji ndiyo inayodanganya kuliko fimbo. Mwenye nyumba atasema sita. Hatawataja wapangaji wa nyuma, wala jirani ambaye choo chake kilibomoka mvua zilizopita.

Hata ujazo ukipatikana, nusu ya kazi bado. Wataalamu hudai wingi na sifa kwa pamoja, nami nashikilia sifa badala ya ubora, maana kuzungumzia ubora wa topekinyesi ni kuwachekesha wasomaji. Sifa inayoamua gharama ni ukali wa tope, unaopimwa kwa oksijeni inayohitajika kulivunja. Vipimo vilivyofanywa Accra, ambavyo bado hutumiwa kama kigezo, vilionyesha tope la vyoo vya umma likihitaji miligramu 20,000 hadi 50,000 kwa lita, ilhali majitaka ya bombani huwa kati ya 500 na 2,500. Kwa hiyo gari moja la lita 5,000 linaweza kubeba mzigo wa lita 40,000 za majitaka kwa uchache, na pengine zaidi ya mara kumi ya hapo. Ndiyo maana siridhiki na mazoea ya kuita kila kinachotoka chooni majitaka. Neno hilo humfanya mhandisi afikirie mabwawa ya kupokea majitaka ya bombani, halafu magari yanamiminia humo kitu kingine kabisa. Dar es Salaam mabwawa ya Vingunguti yamepokea magari hayo kwa miaka mingi.

Mtu wa bajeti atauliza kwa nini tusihesabu magari tu. Kwa sababu gari huonyesha waliolipa. Dar es Salaam watu hutapisha vyoo: mvua kubwa ikinyesha, tundu au bomba hufunguliwa ubavuni mwa shimo na tope likaondoka na maji ya mfereji. Vyura, wale wanaoingia shimoni kwa miguu yao, nao wana wateja wao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoandikwa getini mwa mtambo. Njia nyingine imejaribiwa Kampala, mji uliofungua mtambo wa Lubigi mwaka 2014, uliosanifiwa kupokea mita za ujazo 400 za tope kwa siku: mwaka 2018 Linda Strande wa Eawag na wenzake walichapisha matokeo kutoka mji huo na Hanoi. Walionyesha kwamba taarifa zinazopatikana bila kugusa tope, kama aina ya shimo, kipato na matumizi ya jengo, zinaweza kuugawa mji katika mafungu, kisha vyoo vichache vya kila fungu vikapimwa. Kwa hiyo kazi nzima huitwa vyema ukadiriaji. Vinavyopimwa ni vyoo vichache, na vingine vyote hukadiriwa.

Pingamizi zito zaidi ni la Luberizi yenyewe: hakuna gari, ardhi ya kuchimba shimo jipya bado ipo, na watu wana vita vya kuwaza. Kwa parseli kubwa ya mkulima nakubali. Afukie na apande mgomba wake. Lakini mji huo una soko, shule, kituo cha afya na kambi ya jeshi, na vita hivyo hivyo huleta wakimbizi wa ndani kwa usiku mmoja. Viwango vya Sphere vya misaada ya kibinadamu vinaruhusu choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni mwa dharura. Tope likikaa muda mfupi huwa halijaoza vya kutosha, na ule mwongozo wa 1992 unasema kasi iongezwe kwa nusu; tukichukua lita 60, kati ya zile 40 na 90, zinakuwa 90, na watu 50 wanajaza mita za ujazo 4.5 kwa mwaka. Shimo la mraba wa mita moja lenye kina cha mita mbili na nusu, ukiacha nusu mita ya juu kwa usalama, halimalizi miezi sita. Mwenye takwimu hiyo anajua tangu siku ya kwanza kwamba atahitaji uwanja wa mashimo ya pili, au pampu na mahali pa kumwaga. Gharama nayo si kisingizio. Wajumbe wa afya wa mitaani, wale wa RECO, tayari huzunguka nyumba kwa nyumba. Mti wenye alama, glavu, dawa ya kuoshea na daftari lenye safu nne, yaani aina ya shimo, watumiaji, mwaka lilipochimbwa na kina cha tope, vinatosha kuanza na vyoo vya sokoni, kabla ya mvua na baada yake.