Maji ya Marashi ya Kurashia Mwili na Matandiko: Namna ya Kuyatengeneza na Hukumu Zake



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina watu wao Dodoma: watumishi waliokwenda tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, na vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Huko ni nyanda za juu kavu. Mvua huishia mwezi wa Aprili, kiangazi ni kirefu na upepo wake huja na vumbi. Maji yanapokuwa ya mgao, chupa ya marashi huwa karibu zaidi kuliko ndoo. Kwa hiyo inafaa tujue chupa hiyo inafanya nini na haifanyi nini.

Namna ya kutengeneza

Visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, nayo huacha alama nyeupe kwenye buibui. Njia iliyo bora ni kukusanya mvuke:

1. Weka bakuli zito katikati ya sufuria. Pembeni yake tia mawaridi yasiyopigwa dawa, au mchaichai, au mrehani, na maji ya kufunika.
2. Geuza mfuniko juu chini, weka barafu juu yake, na pika kwa moto mdogo. Mvuke ukigusa mfuniko wa baridi hudondoka bakulini. Hayo ndiyo maji ya marashi.
3. Yatie katika chupa safi ya kupulizia, yaweke katika friji na yatumie ndani ya wiki moja. Yakibadilika rangi au harufu, yamwage.

Mafuta, kama ya karafuu yanayokamuliwa kwa mvuke kiwandani Wawi, Pemba, hayachanganyiki na maji; ya karafuu huzama chini. Matone matano katika nusu lita yanatosha, na chupa itikiswe kila mara. Hayo yawe ya shuka na mapazia tu, kwani karafuu huwasha ngozi. Jaribu kwanza kwenye pindo la nguo. Maji yaliyotiwa ganda la ndimu yasipakwe mwilini kisha mtu akatoka juani, kwani huweza kuunguza ngozi. Usimpulizie mtoto usoni, wala karibu na mwenye pumu.

Hukumu zake

*Kutia pombe.* Wako wanaoyeyushia mafuta kwa kinywaji kikali, na Dodoma ni mji wa zabibu na mvinyo. Jamhuri ya wanazuoni, na ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Shaafi'iy, wanaona pombe ni najisi. Rabi'ah, Al-Layth na Al-Muzaniy walisema ni twahara, lakini kunywa ni haramu kwa wote, na kununua pombe kuiingiza nyumbani hakufai. Anayetumia maji matupu ametoka katika khitilafu hiyo.

*Udhu na josho.* Maji ya waridi ni twahara, lakini hayatwaharishi, kwa sababu hayaitwi tena maji kwa jina lake tupu. Hayaondoi hadathi. Asiyepata maji atayammamu, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa aya ya 43 na Al-Maaidah aya ya 6. Vumbi safi la Dodoma linamfaa kwa Swalah, na chupa nzima ya marashi haimfai.

*Godoro lililokojolewa.* Harufu nzuri haiondoi najisi. Kausha mkojo kwa kitambaa, kisha mwagia maji matupu yaeneze pahali hapo. Mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake hutosha kurashiwa, kwa Hadiyth ya Ummu Qays. Lakini hata huko kurashia ni kwa maji matupu. Wa kike huoshwa.

*Ijumaa.* Hadiyth ya Salmaan (Radhwiya Allaahu 'anhu) imetaja kuoga na kujitwaharisha kwanza, kisha mafuta na manukato ya nyumbani. Atakayeanza na marashi amepindua mpangilio.

*Mwanamke.* Nyumbani kwake hana kizuizi. Kutoka nje kwenda darasani au kupanda daladala huku harufu ikiwafikia wanaume kumekatazwa katika Hadiyth ya Abu Muusaa. Aliye katika eda ya kufiwa hujizuia na manukato miezi minne na siku kumi; mwenye mimba, mpaka ajifungue.

*Ihraam na Swawm.* Aliyehirimia hajipaki wala hatii nguoni. Aliyefunga, kujipulizia mwilini hakumfunguzi, ila asielekeze chupa mdomoni wala puani.

Tunawausia wazazi: mkiwafungia watoto wenu marashi ya safari, wafungieni pamoja na elimu hii. Kijana anayenukia vizuri na udhu wake si sahihi, Swalah yake haikuswihi, na huenda akaendelea hivyo miaka yake yote ya masomo bila mtu kumjua.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.