Tundu la Namba: Historia Fupi ya Alama ya Dola, Kutoka Bampa hadi Sikio la Ng'ombe

Nilikuwa Katesh, wilayani Hanang, nikimsindikiza mjomba wangu kwa fundi. Mjomba ni mkulima wa upande wa Mbulu. Baada ya misimu mingi ya kuuza vitunguu swaumu alikuwa amenunua gari lake la kwanza, gari dogo lililotumika Japani. Vibao vyake viwili vya namba, vya rangi ya njano, vilikuwa ndani ya bahasha. Cha nyuma kilifungwa kwa dakika chache. Kwa cha mbele fundi alichukua drili, akaweka alama mbili za chaki kwenye bampa, kisha akauliza kwa adabu, "Mzee, nitoboe?"

Mjomba aliweka kiganja chake juu ya zile alama za chaki. "Kijana wangu, gari hili limevuka bahari zima. Namba ni ya Serikali, sikatai. Lakini bampa nimelinunua mimi."

Vijana waliokuwa gereji walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha historia ya dola na raia wake, na sijawahi kulisikia swali hilo likiulizwa kwa maneno machache kiasi hicho. Dola ina haki ya kutia alama. Je, ina haki ya kutoboa? Na tundu likibaki, ni la nani?

Tuanze na chanzo cha tatizo lenyewe. Kibao cha namba cha Japani ni kifupi na kipana: sentimeta 33 kwa 16.5. Watengenezaji wa magari ya huko huacha mbele ya bampa nafasi ya ukubwa huo, yenye matundu mawili ya bolti yaliyoachana sentimeta 21. Kibao chetu cha mbele ni kirefu na chembamba. Kikikaa juu ya nafasi ile, ncha zake hubaki zikining'inia hewani, na kwenye barabara za vumbi na makorongo hutikisika mpaka zikapinda au zikavunjika. Kwa hiyo fundi hutafuta njia ya mkato: hutoboa plastiki ya bampa na kukaza skrubu au riveti. Kazi huisha upesi. Lakini plastiki iliyotobolewa huanza kupasuka kutokea kwenye tundu, na fundi asiyejua kilichoko nyuma ya bampa anaweza kuifikisha drili hadi kwenye rejeta.

Kibao hiki kina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1893 polisi wa Paris waliagiza kila gari la injini libebe kibao cha chuma chenye jina la mwenye gari, anwani yake na namba ya kibali. Angalia utaratibu huo: jina kwanza, namba baadaye. Uingereza ilipitisha sheria yake ya magari mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, na hapo kilichotakiwa kuonekana barabarani kikawa namba peke yake. Jina liliingia ndani ya daftari la ofisi. Tangu hapo, anayeweza kusoma gari ni wa nani si jirani tena, bali ni mwenye daftari.

Kwetu daftari lilitangulia gari. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, na kwa kodi hiyo nyumba ya mtu ikawa kitu cha kuhesabiwa. Waingereza waliendeleza mambo hayo kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922. Kwa majirani zetu wa Kenya alama ilifika mwilini kabisa: chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Sioni tofauti kubwa kati ya kikebe kile na kibao cha gari, isipokuwa moja: gari halioni aibu.

Baada ya Uhuru tulirithi mantiki hiyo tukaifanya yetu. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka 1996, na usajili wa magari ukawa sehemu ya shughuli zake. Leo namba imeingia katika lugha yetu. Mtu akisema ana "namba D", kila msikilizaji anajua takriban gari limeingia nchini lini na amweke mwenyewe katika tabaka gani. Njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Herufi STK humfanya askari wa barabarani asimame vizuri zaidi. Kibao kilichobuniwa ili kumtambua mwenye gari kimekuwa pia ngazi ya heshima.

Lakini katika wilaya hizi mbili magari yalikuja jana tu. Mali iliyotiwa alama tangu zamani ni ng'ombe. Wafugaji wa Kidatoga wamekuwa wakichoma alama za ukoo kwenye ngozi za mifugo yao, na Wairaqw wana desturi ya kukopeshana ng'ombe: mnyama wangu anaweza kukaa miaka mingi katika boma la rafiki wa mbali, akamnywesha maziwa na kumlimia shamba, na bado kijiji kizima kikajua ni wa nani. Ushahidi ulikuwa katika vichwa vya watu. Aliyetia alama alikuwa mwenye mali, na aliyeisoma alikuwa jirani.

Kisha dola ikataka kusoma yenyewe. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2017 ikaja kampeni ya kupiga chapa nchi nzima. Mwaka 2021 zilifuata hereni za kielektroniki, kwa ada ya shilingi 1,750 kwa ng'ombe mmoja. Wafugaji walilalamika, na mwaka 2022 zoezi likasitishwa. Mwaka 2025 utambuzi ulirudi, safari hii ukiambatana na chanjo. Mwaka huohuo wa 2022 nyumba zetu nazo zilibandikwa vibao vya anwani za makazi kabla ya Sensa ya Agosti. Ng'ombe aliyechomwa chapa kisha akatobolewa sikio ana alama mbili za Serikali ileile. Sera ilibadilika, na kovu halikubadilika.

Hapa msomaji anaweza kudhani kwamba ninaandika utetezi wa wasiotaka kuhesabiwa. Sivyo, na sababu yangu iko palepale Hanang.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, kwa msaada wa Kanada, Serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu chini ya shirika la NAFCO. Mradi ulimeza takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika kesi ya mwaka 1981, na Mahakama Kuu ya Arusha ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria. Watu ambao majirani zao wote waliwajua kwa ukoo, kwa makaburi ya wazee wao na kwa alama za ng'ombe wao, walitakiwa kujithibitisha mbele ya daftari ambalo hawakuwamo.

Kwa hiyo alama si adui peke yake. Asiye na namba hana pa kusimama siku ya kesi. Mwizi wa mifugo anapenda ng'ombe asiye na alama, na dereva aliyemgonga mtu akakimbia anaombea kibao chake kiwe kimefunikwa na vumbi. Kibao cha mbele kina kazi ya maana sana: anayevuka barabara hukiona kabla gari halijampita. Mjomba hakukataa kazi hiyo. Alichokataa ni dhana kwamba ili Serikali ionekane, lazima mali ya raia iumizwe, na kwamba kuuliza kama kuna njia nyingine ni ukaidi.

Njia nyingine ilikuwepo. Baada ya mabishano mafupi fundi yuleyule alileta kipande cha fletiba, urefu sawa na kibao. Alikitoboa matundu manne: mawili ya kati kwa kipimo cha sentimeta 21, yapokee bolti kwenye matundu ambayo gari lilikuja nayo kutoka Japani, na mawili ya pembeni ya kukazia ncha za kibao. Alikata vipande vya tyubu kuukuu akaviweka kati ya chuma na bampa ili kuzuia mtikisiko na mikwaruzo. Kibao kilikaa wima, katikati, kikisomeka vizuri, bila kuziba nafasi ya hewa ya rejeta. Matundu yote manne yalitobolewa kwenye chuma. Akatueleza pia kwamba magari mengi ya aina ile yana kifuniko kidogo mbele chenye uzi wa ndani wa kulabu ya kuvutia gari, na kwamba chuma cha kushikia kibao kinaweza kukazwa pale. Gundi ya karatasi ya pande mbili hakuishauri: vumbi na baridi ya Mbulu, alisema, huibandua mapema.

Muda uliotumika ulikuwa kama dakika 40. Drili ingetumia tano.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya Basotu, tukapita kando ya mashamba yale ya ngano. Kila tulipovuka korongo baya mjomba alisimamisha gari, akashuka, akakishika kibao na kukitikisa. Kilikuwa kimekaa imara. Mara ya tatu aliniuliza, "Mpwa wangu, hao wa hereni walimwuliza nani kabla ya kutoboa?" Nikamjibu kwamba kwa ninavyojua, katika kijiji chetu hawakumwuliza mtu.

Hizo dakika 35 za tofauti ndizo ninazoziombea katika sera zetu zote za utambuzi, iwe ni ng'ombe, nyumba, ardhi au mtu. Kabla ya kutoboa, mtumishi wa umma aulize matundu yaliyopo tayari yako wapi. Katika ufugaji yapo: alama za ukoo, ushahidi wa majirani, mabaraza ya wazee. Daftari la Serikali lingeweza kukazwa juu ya hayo, nalo likasomeka vizuri na kudumu zaidi, kwa sababu lingeshikwa na kitu ambacho wenye mali walikwisha kukiamini. Fundi wa Katesh alihitaji kuambiwa mara moja tu. Naomba kuwasilisha.