Nakala ya pili mpakani: kutoka karatasi ya kaboni hadi diski pacha

Kwa wakala wa forodha anayefanyia kazi sebuleni kwake Burumba, mjini Busia, kompyuta ya mezani ndiyo kabati la ofisi. Humo mna ankara, hati za mizigo na risiti za ushuru za wateja, na hazifutwi ovyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa miaka 5, tangu mzigo uingie au utoke, ya kumtaka mwenye mali atoe vitabu na hati zake. Mwenye mali naye akibanwa, wa kwanza kumpigia simu ni wakala.

Diski ngumu haikuahidi miaka hiyo 5. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na siku zikigoma huwa hazipigi hodi. Ndiyo maana mafundi hushauri diski mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja, kila kitu hapa na pale, ili moja ikifa kazi iendelee. Ushauri ni mzuri, lakini ukisoma historia ya nakala katika sehemu hizi utaona kuna jambo diski hizo mbili hazilijibu.

Kabla mfumo wa kompyuta wa Simba haujaanza mwaka 2005, mizigo ya Busia na Malaba ilipita kwa karatasi ya kaboni. Fomu iliandikwa mara moja, nakala zikatoka kadhaa: nyingine ikabaki forodhani, nyingine kwa wakala, nyingine ikasafiri na mzigo. Zilififia, zililowa, na ya mwisho ilihitaji macho makali. Hata hivyo zilikuwa na sifa moja kubwa, kwamba zililala katika nyumba tofauti.

Serikali yenyewe ilifunzwa hilo na moto. Hadi 1902 Mumias na nchi inayoizunguka ilihesabiwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kwa hiyo barua za mwanzo za utawala wa huku zilielekea Entebbe. Baadaye zikaelekea Nairobi, na mwaka 1939 Sekretarieti ya Nairobi ikaungua pamoja na majalada mengi. Wanahistoria walioandika juu ya Kenya baada ya hapo walitegemea sana majalada ya mikoa na wilaya, yale yaliyobaki kwenye makabati ya makarani wa mbali. Sheria ya Nyaraka za Umma ilipitishwa 1965, na katika muongo huohuo Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kikapata nakala za filamu za majalada hayo. Ripoti za maafisa wa wilaya za Magharibi mwa Kenya zikawa na pacha ng'ambo ya Atlantiki.

Upande wa mashine, mwanzoni pacha lilikuwa jambo la matajiri. RAMAC ya IBM, iliyotolewa 1956, ilikuwa na sahani 50 za upana wa inchi 24 na ilibeba herufi milioni 5 tu, pungufu kuliko picha moja ya simu ya leo. Nani angenunua mbili? Benki zilikuja kununua. Jimmy Treybig na wenzake walianzisha kampuni ya Tandem huko California mwaka 1974, na mashine yao ya kwanza ikaenda Citibank mwaka 1976. Ilijengwa isisimame, na diski zake ziliweza kufungwa mbili mbili.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley walichapisha makala iliyoipa dunia jina RAID. Walipanga ngazi 5 za kuunganisha diski ndogo za bei nafuu, na ya kwanza ndiyo hiyo ya pacha. Wao wenyewe waliiona kuwa ghali kuliko zote, maana inakula nusu ya nafasi uliyolipia, na hamu yao ilikuwa kwenye ngazi za juu. Majumbani imekuwa kinyume. Bei ya diski ilishuka mwaka baada ya mwaka (ukitoa msukosuko wa 2011, mafuriko ya Thailand yalipovizamisha viwanda), na ngazi waliyoiona ya anasa ndiyo inayomfaa mtu mwenye nafasi ya diski mbili tu ndani ya kasha.

Anayechagua leo ajue kwamba diski ya terabaiti 1 ikifungwa na ya 2 humpa terabaiti 1. Zisitoke kwenye shehena moja, maana zilizotengenezwa pamoja huweza kuchoka pamoja. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red zinaandika kwa njia ya SMR, ambayo hukokota sana pacha mpya anapojazwa. Uliza kabla ya kulipa. Bodi nyingi za kompyuta zina RAID yake, lakini mimi nisingeitegemea kwenye kompyuta ya mtumba: bodi ikiungua, utaanza kutafuta inayofanana nayo. Pacha ya Linux hufunguka kwenye mashine nyingine yoyote yenye Linux, na Windows ina Storage Spaces tangu 2012.

Sasa lile lisilojibiwa. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na radi ikipita kwenye waya wa stima haichagui diski. Mwizi hubeba kasha zima. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, limefutika kote kuwili sekunde ileile. Na virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vingefunga pacha zote mbili bila kujali. Kwa hiyo kabla ya kununua diski ya pili ya pacha, ningenunua kwanza ya nje, inayonakiliwa kila Ijumaa na kulala kwa ndugu aliye Malaba au Kisumu. Pesa zikibaki, ndipo pacha. Na UPS, betri inayoishikilia kompyuta stima ikikatika, isisahaulike: kujaza diski mpya ya terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7, na muda wote huo hati zako zimesimama kwenye diski moja iliyozeeka.