Marubani Wasiozeekea Bunia

Kwingineko, rubani mkongwe wa helikopta anapostaafu huagwa na waliomzoea: mafundi wake, wenzake, hata watoto wa mtaa wanaoujua mlio wa chombo chake. Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, haijabahatika hivyo. Marubani wa kijeshi walioulinda mji huu walikuwa wageni wa kupokezana. Kikosi kilipoanza kuizoea milima ya jirani ya Djugu, zamu yake ilikuwa imekwisha.

Chanzo ni mwaka 2003. Mwezi Mei majeshi ya Uganda yaliondoka, wanamgambo wakaugombea mji, na maelfu ya wakazi wakakimbilia uwanja wa ndege na makao ya MONUC, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, wakalala chini ya maturubai. Juni 6 askari wa kwanza wa Operesheni Artemis, iliyoongozwa na Ufaransa, walitua kwenye uwanja huohuo. Septemba 1 muda wao uliisha, MONUC ikabaki na mzigo.

Ndipo zikaja helikopta: Mi-17 za Bangladesh za kubeba watu na mizigo, na Mi-25 za India, za vita. Mi-25 ilitisha kwa umbo lake tu. Mbele ilikuwa na vyumba viwili vya vioo vilivyopandiana, mfyatua silaha amekaa chini, rubani nyuma yake kwa juu, na mabawa mafupi ubavuni ya kuning'inizia roketi.

Februari 25, 2005, askari 9 wa Bangladesh waliuawa karibu na Kafe, huko Ituri, walikokuwa wakilinda kambi ya watu waliohama makwao. Siku nne baadaye, huko Loga, helikopta za kivita zilipigana bega kwa bega na askari wa Pakistan. MONUC ilisema wanamgambo zaidi ya 50 waliuawa. Historia ya anga la Ituri haiwezi kusimuliwa kwa haki bila siku hizo mbili: chombo kilichongojwa kama mwokozi kilikuwa pia chombo cha kuua.

Vilivyostaafu hasa ni vyombo, si marubani. Mwaka 2011 India iliondoa Kongo helikopta zake za kivita, na baadaye Ukraine ikaleta zake.

Wabangladeshi waliendelea kupokezana. Desemba 2017 nchi yao ilituma Kongo marubani wake wa kwanza wa kijeshi wa kike, Nayma Haque na Tamanna-e-Lutfi, wote wa helikopta. Zamu yao nayo ilikuwa ya mwaka mmoja.