Viumbe wadogo wa tangi la samaki (Karatu na Ngorongoro)

Ni viumbe wanaojitokeza katika tangi jipya la maji baridi, hasa likijazwa maji ya kijito au kupandwa magugu ya bwawani. Watu huwaita wadudu, ingawa wengi si wadudu. Mayai ya baadhi yao hustahimili ukavu, hivyo hata tope kavu la mfereji wa vitunguu Mang'ola laweza kuwaleta.

Mwendo huwatambulisha kuliko umbo. Siklopsi huenda kwa mirukoruko, jike akiburuta vifuko viwili vya mayai. Planaria huteleza juu ya kioo. Kichwa chake ni cha pembetatu. Haidra hujishikiza, hunyoosha minyiri na hujikunja akiguswa. Huyu hula vifaranga vya samaki. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri cha samaki, mradi visiachwe vikaruka.

Wa kuangaliwa zaidi ni konokono. Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojiviringa, na Bulinus, mwenye gamba la mnara mfupi, hubeba vimelea vya kichocho: wa kwanza cha tumbo, wa pili cha mkojo. Vimelea hupenya ngozi ndani ya maji.

Ziwa Magadi, ndani ya Kreta ya Ngorongoro, ni la chumvichumvi; mwani wa Arthrospira uliwao na heroe wadogo katika maziwa ya aina hiyo si mgeni wa kawaida wa tangi.

Maji ya kijito yatunzwe siku mbili bila konokono kabla ya kutia mkono.